Mutu wetu akikamatwa: tumtafutie avoka wa karibu, na mapema

Mazungumzo ya kamati ya msaada mbele ya mkutano wa banamemba, Baraka. Tunayachapa hapa kwa ajili ya wale ambao hawakufika.



Sanduku letu tulilianzisha juu ya msiba na ugonjwa. Kila mwanamemba anajua hivyo. Lakini muulizeni mweka hazina ni nani anagonga mlango wake usiku siku hizi. Wengi hawaji juu ya maiti. Wanakuja juu ya mtoto, bwana ao shemeji aliye kasho, na wote wanaleta swali moja: «Munaweza kutupa kiasi gani ili atoke?»

Sisi wa kamati tumekaa juu ya swali hilo. Tumeuliza watu wanaojua sheria, tumefuata kesi za wenzetu polisi, parke na tribinali. Leo tunaleta jibu letu, kisha mutaamua ninyi. Jibu ni hili: pesa ya sanduku isinunue mlango wa kasho. Ilipe avoka, avoka wa karibu, na alipwe mapema, mbele mutu wetu hajatia saini karatasi yoyote.

Kwa nini inatugusa sisi

Jambo hili linatugusa sisi tuliorudi kuliko majirani waliobaki, na sababu ziko tatu.

Ya kwanza ni shamba. Tulipoanza kurudi kwa meli kutoka Kigoma, mwaka 2005, wengi walikuta mutu mwingine analima pale baba alipolima. Wengine walikuta shamba limeuzwa na shefu, na shefu mwenyewe amekwisha kufa. Basi mutu anachukua jembe, anaingia shamba la babu yake, anang'oa mihogo ya yule mwingine. Kesho yake anaitwa polisi. Kule hawamwandikii mgogoro wa mipaka. Wanamwandikia kosa: kuharibu mali ya mutu kwa ubaya, ao kukalia ardhi bila haki. Hili la pili, sheria ya ardhi ya tarehe 20 Julai 1973, kifungu cha 207, inalitolea kifungo cha miezi 2 mpaka 6. Jambo lililokuwa la wazee na alama za mipaka limegeuka kuwa jambo la kufungwa.

Ya pili ni deni. Tunaanza biashara kwa mkopo, samaki inakosekana ziwani, mwenye mali anakasirika. Deni peke yake si kosa la jinai. Ni kesi ya kudaiana. Lakini anayekudai akienda kusema kwamba alikukabizi mali na wewe ukaitumia vibaya, inakuwa kesi ya kuvunja uaminifu, ambayo adhabu yake inaanza miezi 3 na kufika miaka 5. Tofauti kati ya deni na kosa hilo ni maneno machache kwenye karatasi. Mutu anayejua kuyaona maneno hayo ni avoka.

Ya tatu ni lugha na vitambulisho. Polisi anakuuliza kwa Kiswahili, wewe unajibu kwa Kiswahili ao Kibembe, yeye anaandika kwa Kifaransa. Mwisho anakusogezea PV: «Tia saini hapa.» Mama ambaye ameuza mihogo maisha yake yote atajuaje kilichoandikwa? Tena wengi wetu tulikaa miaka na karatasi za kambi tu, jina limeandikwa hivi Tanzania na vile huku. Mutakuja kusikia namna jambo hilo la jina linavyoweza kumweka mutu ndani.

Njia ya kesi

Wengi wanafikiri avoka ni mutu wa siku ya tribinali. Si hivyo. Katiba yetu ya tarehe 18 Februari 2006, kifungu cha 19, inasema kila mutu ana haki ya kusaidiwa na mtetezi aliyemchagua mwenyewe katika kila hatua ya kesi ya jinai, pamoja na wakati polisi wanapouliza. Kwa hiyo hapana mutu wa kutuambia «avoka angoje kwanza, bado tunauliza».

Hatua ya kwanza ni polisi, mbele ya OPJ. Kifungu cha 18 cha Katiba kinasema aliyekamatwa ajulishwe mara moja sababu ya kukamatwa, kwa lugha anayoielewa, na aruhusiwe mara moja kuwasiliana na familia yake ao avoka wake. Kinasema tena kwamba polisi hawawezi kumshika zaidi ya saa 48. Saa hizo zikiisha, aachiliwe ao apelekwe mbele ya wenye sheria, maana yake parke. Basi andikeni saa. Mukisikia mutu amekamatwa, wa kwanza kufika aandike siku, saa, mahali, na jina la polisi aliyemshika. Avoka akifika na saa imeandikwa, iko na mahali pa kuanzia kuongea.

Hatua ya pili ni parke. Hapa majistra anamuuliza mshitakiwa tena, na anaweza kumwachilia, ao kumpa manda ya kukamatwa ya muda. Akitoa manda, sharti amfikishe mbele ya zuji kwa siku 5, kama zuji iko mahali pale pale. Kama zuji iko mbali, zinaongezwa siku za safari tu. Zuji akikubali abaki ndani, ni kwa siku 15, na baadaye inaweza kurefushwa kwa mwezi, mwezi. Kupinga uamuzi huo wa zuji, muda ni saa 24 tu. Hebu fikirini: familia itatoa wapi mutu wa kuandika upinzani kwa saa 24, kama bado haina avoka?

Katika hatua hii njo jina na makao yanatuumiza. Kifungu cha 17 cha Katiba kinasema uhuru ni kanuni, na kufungwa ni kitu cha pekee. Lakini sheria inaruhusu mutu ashikwe hata kwa kosa dogo kama kunaogopwa atakimbia, ao kama hajulikani ni nani. Anayetoka kambini, asiye na karatasi ya hapa, anaonekana kama mutu anayeweza kuvuka ziwa kesho asubuhi. Kazi ya avoka ni kuonyesha kwamba huyu anajulikana: kadi ya uchaguzi hii hapa, shefu wa kartie anamjua, nyumba yake ni ile, watoto wake wanasoma pale. Vitu hivyo familia inaweza kumtafutia kwa siku moja. Tena kuna kuachiliwa kwa muda kwa kuweka kosio, pesa ya dhamana. Kosio inawekwa kwa njia ya serikali na inatolewa risiti. Pesa inayoingia mfukoni bila karatasi si kosio.

Hatua ya tatu ni tribinali. Makosa ambayo adhabu yake haipiti miaka 5 yanakwenda tribinali ya amani. Yanayopita hapo yanakwenda tribinali kubwa. Mutu akihukumiwa, ana siku 10 za kukata rufaa. Tumeona watu waliotaka rufaa siku ya 12, wameshika kuku ya kumpelekea grefye. Siku zilikuwa zimepita.

Jambo moja bado, juu ya wazazi. Kijana akikimbia, wanakuja kumshika mama yake. Kifungu cha 17 kinakataza: kila mutu anajibu juu ya tendo lake mwenyewe, hakuna anayekamatwa kwa tendo la mwingine. Mama akishikwa pahali pa mtoto, iteni avoka saa ile ile. Hapo neno lake la kwanza ni fupi, na sheria iko upande wake wazi.

Avoka ni nani, na nani si avoka

Mbele ya mlango wa parke kuko watu wa namna tatu, na kwa macho wote wako sawa: shati safi na bahasha kwapani.

Wa kwanza ni avoka. Ameapa mbele ya korti ya rufaa, jina lake liko kwenye orodha ya Baro, yaani chama cha mavoka, na anaongozwa na mkubwa wao, batonie. Ndani yao kuna mastajeri, vijana wanaoanza kazi chini ya avoka mkubwa. Musiwadharau. Kijana anayefika kasho kila asubuhi anamfaa mutu wetu kuliko mkubwa anayetuma salamu kwa simu.

Wa pili ni defanseri wa tribinali. Yeye pia anaruhusiwa na sheria. Anatetea kwenye tribinali ya amani na tribinali kubwa, lakini hafiki korti ya rufaa. Kwa kesi ndogo anaweza kutosha, na mara nyingi bei yake ni chini.

Wa tatu ni komisioneri. Hana kadi, hana ofisi. Anasema «mimi na prokireri tunakula pamoja». Anachukua pesa ya mama anayelia, anaingia kwa mlango mmoja na kutokea mwingine. Namna ya kumjua ni rahisi: mwombeni kadi yake ya kazi na mahali ofisi yake iko. Avoka wa kweli hakasiriki akiulizwa hivyo.

Kwa nini awe wa karibu

Kuna familia zinazoona fahari kuleta avoka mwenye jina kubwa kutoka mji wa mbali. Kwa kesi nzito sana, inaweza kufaa. Lakini tumefuata kesi mbili za mwaka mmoja, na tunawaeleza tulichoona, bila kutaja jina la mutu.

Familia moja ilituma pesa kwa simu kwa avoka wa mji mkubwa. Alikuwa mutu wa elimu, hatumsemi vibaya. Lakini barabara yetu munaijua wakati wa mvua. Siku ya kwanza ya kesi hakufika, ikaahirishwa. Siku ya pili alifika kesi imekwisha kuitwa. Siku ya tatu aliomba pesa nyingine ya safari. Muda wote huo kijana alikuwa ndani, na mama yake anabeba chakula kila siku, maana munajua jela zetu: asiyepelekewa chakula na familia anateseka.

Familia ya pili ilichukua stajeri anayekaa karibu. Alifika polisi jioni ya siku ile ile. Alikuta PV imeandikwa kwamba mshitakiwa «amekubali kuharibu shamba la mlalamikaji». Akamuuliza mutu wetu kwa Kiswahili: «Ulisema nini, neno kwa neno?» Alikuwa amesema: «Niling'oa mihogo iliyopandwa kwenye shamba letu.» Haya ni maneno mawili tofauti kabisa. La kwanza ni mwizi anayekiri. La pili ni mwenye shamba anayedai haki yake. Kwa sababu alikuwa hajatia saini, maneno yalisahihishwa. Stajeri alikwenda shambani kwa miguu, akaongea na wazee wanaojua mti wa mpaka, akawaleta parke. Kijana hakutoka siku ile. Alitoka baada ya wiki mbili, na mgogoro wa shamba ukaenda kwa wanaohusika na ardhi. Hatusemi kila kesi itaisha hivyo. Tunasema kwamba avoka wa mbali hangeuona mti ule wa mpaka.

Avoka wa karibu anajua siku ambayo tribinali inakaa kweli, na siku iliyoandikwa mlangoni tu. Anasikia lugha ya mutu wake. Anaweza kupita kasho bila kuomba pesa ya safari kila mara.

Lakini ukaribu una hatari yake. Mji mdogo, watu wote wanajuana. Mulizeni kwanza: «Wewe ao ofisi yako, munamtetea ao mulimtetea mlalamikaji?» Kama ndiyo, shukuruni na mutafute mwingine.

Bei na karatasi

Bei ya avoka ni mapatano. Hakuna aibu kuongea juu yake mwanzoni. Mulizeni: pesa hii inafika wapi? Ni ya kwenda polisi tu, ao mpaka mwisho wa kesi? Rufaa iko ndani? Safari na fotokopi ni za nani? Kisha muandike kwenye karatasi, pande mbili zitie saini, na kila mutakapolipa muchukue risiti yenye tarehe, kiasi na kazi iliyolipiwa. Mulipe kidogo kidogo, kufuatana na hatua.

Avoka akisema «nipeni, nitamwona zuji», mumwulize atamwona namna gani. Kama maana yake ni kumpelekea bahasha, hiyo si kazi ya avoka, na sheria yetu inamwadhibu anayetoa rushwa sawa na anayepokea. Tena avoka anayeahidi kwa kiapo kwamba mutu atatoka Ijumaa, muogopeni. Mukikosana naye juu ya pesa ao akiacha kazi, mahali pa kulalamika ni kwa batonie. Muko na haki ya kumbadilisha. Mumlipe kazi aliyokwisha kufanya na mumwombe karatasi zenu.

Asiye na kitu asikate tamaa. Sheria ya mavoka ya mwaka 1979 inaitaka kila Baro iwe na ofisi ya kusaidia watu wasio na uwezo. Munabeba barua inayoonyesha kwamba familia haina mali, na Baro inamteua avoka. Kamati yetu itasaidia kuandika na kupeleka ombi hilo.

Na kwa mshitakiwa mwenyewe: mwambie avoka wako ukweli wote, hata ule mbaya. Anabanwa na siri ya kazi yake. Ukimficha, ataujua siku ya kesi kutoka kinywa cha mlalamikaji, na hapo hana la kujibu.

Tunaomba muamue nini

Tunajua kuna wanaosema: «Polisi anataka dola kidogo, avoka anataka nyingi. Tulipe polisi, tulale.» Tunawaelewa. Mutoto akiwa ndani, hakuna mzazi anayepiga hesabu ya mbali. Lakini musikilize mambo mawili. La kwanza, mutu aliyetoka hivyo, kesi yake haikuisha. PV inabaki kwenye meza, na wiki ijayo anaweza kuitwa tena, bei ikiwa juu zaidi. La pili ni kubwa zaidi: siku ikijulikana kwamba ushirika wa waliorudi unalipa, watu wetu watakamatwa juu ya sanduku. Tutakuwa mwembe ulio kando ya barabara, kila anayepita anautupia jiwe.

Kwa hiyo tunaleta mapendekezo manne.

Moja: mwanamemba akikamatwa, sanduku lilipe mara moja safari ya kwanza ya avoka ao defanseri kwenda kumwona, usiku ao mchana. Tutakuwa na majina ya wale wanaofanya kazi huku kwetu, na familia itachagua.

Mbili: hatua zinazofuata, nusu iwe msaada na nusu iwe deni la familia kwa sanduku, lilipwe polepole.

Tatu: hakuna pesa ya sanduku itakayotoka bila risiti. Kama polisi anasema ni amande ya serikali, atoe risiti ya serikali.

Nne, na hapa kamati yenyewe haikukubaliana haraka. Itakuwaje kama mutu ameshitakiwa kwa jambo baya sana, kama kumharibu mtoto? Mama mmoja wa kamati alisema hatatoa franka yake kwa mutu wa namna hiyo, na hakuna aliyemwona vibaya. Itakuwaje kama mlalamikaji naye ni mwanamemba? Tulichofikia ni hiki: safari ya kwanza ilipwe kwa kila mutu, maana sisi si zuji, na kifungu kile cha 17 kinasema kila mshitakiwa anahesabiwa hana kosa mpaka ahukumiwe kwa mwisho. Yanayofuata, mkutano wenu uamue kesi kwa kesi. Na pale mlalamikaji ni mwenzetu, sanduku limsaidie naye kwa kiasi kile kile: matibabu, safari, ao avoka wake.

Maneno ya kukumbuka nyumbani ni machache. Mutu akikamatwa, asipigane na asikimbie. Aseme jina lake na kijiji chake, kisha aseme: «Naomba avoka wangu na familia yangu.» Asitie saini PV ambayo hakusomewa kwa lugha yake. Familia iandike saa, ipige simu kwa kamati, ipeleke chakula, na itafute kitambulisho. Tuandike hayo kwenye karatasi, kila nyumba iibandike ukutani.

Sasa maulizo iko wazi. Tuanze na bamama, maana wao njo wanabeba sahani kule kila siku.